Shajara ya Mradi: Kuhama Wete Kwenda Mjini kwa Kazi ya Uuguzi wa Watoto Wachanga

Januari, wiki ya kwanza: lengo na kipimo

Kibali cha uhamisho kimetoka. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya Mjini, Unguja, baada ya miaka ya kufanya kazi katika wodi ya wazazi huku Wete, Pemba. Nimeamua kuliandika jambo hili kama mradi, wenye lengo, kipimo, kazi zilizokamilika na kazi zilizobaki, kwa sababu nimewaona wenzangu wakihama kwa kuhesabu mizigo tu: godoro limefika, jiko limefika, basi kuhama kumekwisha. Kwa muuguzi, kuhama hakumalizikii bandarini. Kunamalizika siku anapoweza kuachiwa wodi usiku, na waliomwachia wakalala majumbani mwao bila ya wasiwasi.

Kwa hivyo kipimo cha mradi huu ni kimoja: kushika zamu ya usiku katika chumba cha watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, bila ya mtu wa kunisimamia. Nyumba, usafiri, fedha na mpango wa familia vyote vitapimwa kwa kipimo hicho. Kitakachonisaidia kukifikia kitapewa nafasi ya mbele, na kisichonisaidia kitangoja.

Sababu ya kuomba uhamisho naieleza wazi, ili nikija kuisoma shajara hii baadaye nisijipe sababu nyengine. Hapa nilipo tunazalisha, tunampa mtoto joto, tunamwanzishia kunyonya, na akiwa mdogo mno au akishindwa kupumua vizuri tunamwandikia rufaa. Pemba inayo Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, na madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu, ambao wenzao wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, wanafanya kazi huko pamoja na wetu. Hata hivyo wapo watoto ambao bado huvushwa bahari. Nimeandika barua nyingi za rufaa za watoto hao, na kila mara nilibaki na suali lile lile: huko anakokwenda anafanyiwa nini ambacho mimi sikijui? Nataka kukijua kwa mikono yangu, na nikishakijua nataka kifike Wete.

Januari, wiki ya tatu: nyaraka

Baada ya sherehe za Mapinduzi ofisi zimefunguliwa na kazi ya nyaraka imekwenda kwa utaratibu. Barua ya sheha wa shehia ninayotoka nimeipata, nayo nitaikabidhi kwa sheha wa shehia nitakayohamia, kwa kuwa bila ya hiyo mkaazi mpya hubaki mgeni hata akikaa mwaka mzima. Leseni yangu ya Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar bado ni hai. Mshahara utaendelea kupitia akaunti ile ile ya Benki ya Watu wa Zanzibar. Katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza kazi mwaka 2023, nimehakikisha kwamba mume wangu na mtoto wetu wameandikwa kuwa wategemezi wangu, ili kuhama kwangu kusije kukawaacha na usumbufu wakiumwa.

Jalada langu binafsi ndilo lililobaki. Nimeahidiwa litapelekwa na ofisi yenyewe. Nimetoa nakala ya kila karatasi iliyomo ninayoruhusiwa kuwa nayo, pamoja na vyeti vya mafunzo ya kazini, hasa cheti cha mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, maana hicho ndicho kitakachoulizwa mwanzo kule ninakokwenda.

Januari, wiki ya nne: nyumba

Nimevuka kwenda Unguja kutafuta nyumba kabla ya kuhamisha kitu chochote. Nimefikia Fuoni kwa mama yangu mdogo, ambaye tangu aliposikia habari ya uhamisho alishaniandalia chumba.

"Mwanangu, chumba kipo, kodi hulipi, na chakula utakula tutakachokula sisi. Unatafuta nini kwengine?"

Nilimjibu kwa heshima zote kwamba nashukuru, na kwamba kwa mtu wa kazi ya asubuhi Fuoni ingenifaa kabisa. Kisha nikamweleza zamu zetu. Anayeingia zamu ya usiku hupokea wodi saa mbili usiku na kuikabidhi saa moja na nusu asubuhi. Anayetoka zamu ya mchana hutoka saa mbili usiku, na makabidhiano yakirefuka, kwa sababu kuna mtoto hali yake haijatulia, hutoka saa tatu. Saa hiyo daladala za kwenda nje ya mji zimeshapungua, na mwanamke anayesubiri gari peke yake kituoni baada ya saa saba za kusimama wodini hawezi kuwa na akili iliyotulia kesho yake. Mama mdogo alinyamaza, akaniuliza kama nimeshakula, na asubuhi yake akanitafutia dalali anayemwamini. Hilo ndilo lililonipa moyo kuliko yote ya wiki hii.

Naandika hapa kwa urefu namna nilivyochagua, kwa sababu naona ndilo jambo ambalo muuguzi anayehamia Mjini huambiwa kidogo kuliko yote. Watu hutazama kodi. Kodi ni muhimu, lakini nyumba ya muuguzi huchaguliwa kwa zamu. Suali la kwanza nililojiuliza katika kila chumba nilichooneshwa lilikuwa hili: je, naweza kulala hapa saa tatu ya asubuhi mpaka saa tisa ya mchana? Chumba cha mwanzo, Kwahani, kilikuwa safi na bei yake ilikuwa nafuu, ila paa lake ni bati tupu lisilokuwa na dari, na Januari hii ya kaskazi joto lake la mchana halimruhusu mtu kulala. Cha pili, karibu na Mwanakwerekwe, dirisha lake linafunguka kwenye karakana ya kuchomea milango ya chuma. Cha tatu kilikuwa kizuri kwa kila hali, lakini mita ya umeme ni moja kwa wapangaji wote, na wanaonunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, kwa kuchangiana huishia kugombana, ugomvi ambao mtu wa zamu ya usiku huukuta mlangoni kwake saa ambayo angepaswa kuwa amelala.

Nilichokichukua kipo Kikwajuni, nyuma ya majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni chumba na ukumbi mdogo, chini ya nyumba ya bibi mmoja mtu mzima. Kina mita yake, kina tangi la maji juu ya paa kwa siku ambazo maji ya bomba hayatoki, na kuta zake ni nene za mawe ya zamani ambazo hata mchana zinabaki na ubaridi. Hospitali naifikia kwa miguu, kwa njia yenye taa na watu. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkupuo, kama ilivyo kawaida ya Mjini, na fedha hiyo imetoka katika akiba ya karafuu ya mume wangu tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba ya Wete. Tumekubaliana kwamba paa litangoja msimu mwengine.

Februari, wiki ya kwanza: kuvuka

Nimehamia. Gari ya mizigo ilituchukua alfajiri kutoka Wete kupitia Chake Chake hadi Mkoani, na boti ikaondoka na bahari iliyotulia. Mama mkwe alinisomea dua mlangoni na kunishika mkono muda mrefu. Kwa watu wa Pemba safari ya bahari haijawa jambo jepesi tangu kuzama kwa MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, na mwaka uliofuata MV Skagit karibu na Chumbe. Nimemuahidi kwamba nitampigia simu kila nikitia mguu Malindi, bandari ya Unguja, na kila nikitia mguu Mkoani, na ahadi hiyo nimeiandika hapa kuwa sehemu ya mradi.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu, na mtoto wetu wamebaki Wete. Mwaka wa skuli umeshaanza, na kumtoa mtoto darasani katikati ya mwaka ili aje kukaa na mama ambaye nusu ya usiku wake yuko kazini lisingekuwa jambo la busara. Tutalitazama tena Disemba.

Februari, wiki ya pili na ya tatu: wodini

Muuguzi kiongozi wa wodi amenipokea vizuri na kunipangia zamu za asubuhi tupu kwa mwanzo, pamoja na dada mmoja mwenye uzoefu mkubwa ambaye nitamfuata kila anakokwenda. Wodi ni kubwa kuliko nilivyoizoea, na idadi ya watoto haishangazi mtu anayezijua takwimu: kwa Sensa ya 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169, wakati Pemba nzima ilikuwa na watu 543,441. Uzazi unafuata watu.

Jambo la kwanza nililokuja kujifunza ni mashine ya kumsaidia mtoto kupumua, ile ambayo wodini wanaiita sipapu ya mapovu. Nilikuwa naifikiria kuwa ni chombo kigumu. Kumbe msingi wake ni mwepesi kuueleza, na ugumu wote uko katika kuitazama bila ya kuchoka. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita puani kwa mtoto kwa vipira viwili vifupi, na mpira wa upande wa pili umezamishwa katika chupa ya maji. Kina cha ncha ya mpira chini ya maji ndicho kinachoamua mgandamizo: ukizamishwa sentimita 5, mtoto anapata mgandamizo wa sentimita 5 za maji. Mapafu ya njiti hayajawa na ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane, na mgandamizo huo huvizuia visijifunge mwisho wa kila pumzi, ili mtoto asilazimike kuanza upya kuvifungua kwa nguvu ambazo hana.

Mapovu yakikoma, dada huyo amenifundisha, usiitazame mashine. Mtazame mtoto kwanza. Huenda kipira kimetoka puani, huenda mdomo uko wazi na hewa inatokea huko, huenda pua imeziba kwa makamasi, huenda maji yamekusanyika ndani ya mpira ulioinama. Nimejiwekea desturi ya kupita kitanda kwa kitanda nikisikiliza mapovu kabla ya kufungua kitabu cha ripoti.

Jambo la pili ni oksijeni yenyewe. Kule Wete, pale mtoto alipobadilika rangi, tulishukuru kuwa nayo na tukaifungua. Hapa nimeelewa vyema kwa nini mtoto njiti anayepewa oksijeni huwekewa mipaka ya juu na ya chini, kwa kawaida asilimia 90 hadi 95 ya oksijeni katika damu, kwa kipimo kinachofungwa mguuni. Chini ya hapo ubongo na viungo vinakosa, na juu ya hapo mishipa midogo ya nyuma ya macho, ambayo bado inakua, inaweza kuharibika hata mtoto akapoteza uwezo wa kuona. Kwa hivyo kupunguza oksijeni ni kazi ya uuguzi sawasawa na kuiongeza, na mtu anayepita wodini akiona kipimo kimefika 99 asifurahi kabla ya kuuliza kama mtoto yumo katika oksijeni. Hilo nimelipeleka Wete kwa simu usiku ule ule, kwa sababu haligharimu chochote na linaweza kuokoa macho ya mtu.

Joto nalo linapimwa hapa kwa ukali ambao nauheshimu sana. Mtoto anatakiwa abaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akishuka chini ya hapo hutumia sukari na oksijeni yake kujipasha moto, na uzito aliopaswa kuuongeza haongezi. Mama wa mtoto aliyetulia humbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu. Njia hii ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi na mashine chache, na kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 kila mtoto njiti au mwenye uzito mdogo huanzishiwa mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Tuliokuwa tukiifanya Pemba tukidhani ni badala ya mashine tunapaswa kujua kwamba si badala. Ni tiba yenyewe.

Katika mazungumzo ya chai, wenzangu waliniuliza kuhusu utunzaji wa kitovu kwetu. Niliwaeleza jambo ambalo naona kila muuguzi wa visiwa hivi angepaswa kulijua: utafiti mkubwa wa kupaka kitovu klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ulifanywa Pemba, ambako Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi imekuwa ikishiriki katika tafiti za namna hiyo, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonesha kwamba dawa ile inapunguza vifo vya watoto wachanga kwa kiasi cha kutegemewa. Kuacha kitovu kikiwa kikavu na kisafi ni mafundisho ambayo watoto wetu wenyewe wameyachangia kwa ulimwengu. Nimesema hayo kwa fahari na sikuona haya.

Machi: Ramadhani na zamu za usiku

Zamu za usiku zimeanza, bado nikiwa na msimamizi. Ramadhani imeziangukia, na naona imenisaidia. Mji uko macho mpaka saa nyingi, njia ya Kikwajuni ina watu wanaotoka tarawehe, na daku tunaila wodini kwa zamu ili chumba kisibaki bila ya muuguzi hata kwa dakika chache. Mwenye nyumba, bibi yule, ameniwekea futari katika sahani iliyofunikwa kila siku ninayoingia usiku: muhogo wa nazi, tambi, na samaki akipatikana. Sikumuomba. Namwita Bi Mkubwa, naye ananiita mwanangu, na asubuhi ninaporudi huwakataza wajukuu wake kucheza mpira karibu na dirisha langu.

Kazini Ramadhani imeleta suala ambalo sikulifikiria katika mpango wa mradi. Mama aliyejifungua karibuni hafungi kwa kuwa bado yumo katika nifasi. Lakini mtoto aliyezaliwa na wiki 28 anaweza kukaa nasi muda mrefu kuliko arubaini ya mama yake, na wapo akina mama waliotoharika ambao walitaka kufunga huku wakikamua maziwa kila baada ya saa tatu. Maziwa ya mmoja wao yalipungua waziwazi. Muuguzi kiongozi hakumkataza kwa ukali. Alikaa naye, akamweleza kwamba mama anayenyonyesha na kuchelea afya ya mtoto wake amepewa ruhusa na dini yenyewe kula na kulipa baadaye, na akamshauri amuulize shekhe anayemwamini kupitia kwa mumewe. Mume alirudi siku ya pili na jibu, na mama akala. Nimejifunza hapo kwamba maelekezo ya wodi hayana budi kupita katika mlango ambao familia inaupitia siku zote, na kwamba muuguzi anayeharakisha mlango huo hupoteza maziwa na hupoteza imani ya mama pamoja.

Kwa Idi nimekwenda Wete. Simu zote mbili za bandarini zimepigwa.

Aprili: akina mama wanaovuka bahari

Masika imeanza na sehemu hii ya mradi haikuwa katika mpango wangu, lakini sasa naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mama anayeletwa na mtoto wake kutoka Pemba hufika akiwa na kidonda cha kujifungua ambacho bado kibichi, na pochi yenye nguo mbili. Wengine hawajapata kufika Unguja maishani. Mtoto anapokelewa na kulazwa, mashine inawashwa, na mama anabaki amesimama katika ukumbi akiwa hajui atalala wapi, atakula nini, na atawezaje kumpigia mumewe ambaye yuko Micheweni na simu haina salio. Nilipowasalimia kwa lahaja ya nyumbani niliwaona wakilegea mabega. Waliniuliza mambo ambayo hawakumuuliza mtu mwengine: kama mtoto atakufa, kama hizo nyaya zinamuuma, kama wanaruhusiwa kumgusa. Nikawapeleka mikono yao mpaka kwa watoto.

Kwa ruhusa ya muuguzi kiongozi nimeanza kuandika ukurasa mmoja, nao umeshapitiwa na daktari wa wodi. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya familia, kwa maneno mepesi: achukue kanga za kutosha, ndefu, za kumfungia mtoto kifuani, kofia na soksi za mtoto, chombo chenye mfuniko cha kukamulia maziwa, vyeti vyake vya kliniki, namba ya jamaa yeyote aliyeko Unguja, hata wa mbali, na ndugu mmoja wa kike wa kufuatana naye ikiwezekana, maana mama huyo naye ni mgonjwa. Njiani mtoto awe kifuani mwa mama, mkavu, amefunikwa, kwa muda wote ambao hali yake inaruhusu. Boti ina kiyoyozi na upepo wa bahari ni mkali, na mtoto aliyeondoka Mkoani akiwa na joto zuri anaweza kufika Malindi akiwa wa baridi.

Sehemu ya pili ni ya wakunga wenzangu. Nilipokuwa Wete niliandika barua za rufaa kama tulivyofundishwa, na zilikuwa sahihi. Sasa niko upande wa anayezipokea, na najua ni saa gani mtu anazisoma na anatafuta nini kwa haraka. Anataka saa ya kuzaliwa, si tarehe peke yake. Anataka uzito na wiki za mimba. Anataka kujua kama mama alipewa deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, kabla ya kujifungua, dozi ngapi kati ya zile nne za miligramu 6 zinazotolewa kila baada ya saa 12, na ya mwisho ilikuwa saa ngapi, kwa sababu mtoto ambaye mama yake alizimaliza mara nyingi mapafu yake hukusaidia zaidi. Anataka kujua kama vitamini K imetolewa, kama antibayotiki imeanzwa na dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, sukari ilikuwa kiasi gani, na mara ya mwisho alipewa maziwa lini na kwa njia gani. Joto la mtoto lipimwe na kuandikwa wakati wa kuondoka, ili anayepokea aweze kulilinganisha.

Ukurasa huo nimeusoma kwa simu kwa wenzangu wa Wete, nao wameuandika upya kwa mkono wao na kuubandika katika meza ya wodi ya wazazi. Barua ya mwanzo iliyokuja kwa mpangilio huo imefika mwezi huu. Mtoto alikuwa na gramu 1,350, alifika akiwa na nyuzi 36.6, amefungwa kifuani mwa mama yake kwa kanga mbili, na barua ilikuwa na saa ya kila dozi. Daktari hakuhitaji kumpigia mtu simu. Niliusoma mwandiko ule, nikaujua ni wa nani, na nikafurahi kwa namna ambayo nashindwa kuieleza kwa maneno ya ripoti.

Suala la malazi ya akina mama hao bado ni gumu. Walio na jamaa Unguja hupata chakula. Wasio na jamaa hutegemea ukarimu wa familia za vitanda vya jirani, na ukarimu huo haujakosekana hata siku moja, lakini si utaratibu. Mama yangu mdogo wa Fuoni ameshampokea mama mmoja wa Kojani kwa siku ambazo mtoto wake aliruhusiwa kutoka huku akisubiri kurudi kliniki kabla ya kuvuka. Chumba alichoniandalia mimi kimepata mwenyewe.

Mei: hali ya mradi

Zamu ya usiku ya peke yangu nimeishika. Muuguzi kiongozi aliipanga katika ratiba bila ya kunitangazia, na nilipoiona nilimwendea kumuuliza kama ndivyo alivyokusudia, akasema ndivyo. Usiku wenyewe ulikuwa na kazi ya kawaida: mtoto mmoja alisahau kupumua kwa sekunde kadhaa, kama njiti wanavyofanya, akakumbushwa kwa kusuguliwa nyayo, sipapu moja iliacha kutoa mapovu kwa sababu maji yalikuwa yamejaa katika mpira, na mama mmoja alifundishwa kukamua. Asubuhi nilikabidhi, nikatembea hadi Kikwajuni na kulala mpaka adhuhuri. Kwa kipimo kilichoandikwa Januari, lengo limefikiwa.

Kazi zilizokamilika: uhamisho wa ajira, nyumba, usajili katika shehia mpya, zamu zote tatu. Jalada langu limefika mwezi huu. Kodi ya miezi sita inamalizika Julai, na Bi Mkubwa amekubali kwamba kuanzia hapo nilipe kila baada ya miezi mitatu, jambo ambalo litatuwezesha kurudisha akiba ya paa polepole kabla ya mvua za vuli.

Zilizobaki ni uhamisho wa mume wangu, ambao ombi lake limeshapelekwa, na nafasi ya skuli ya mtoto kwa Januari. Nimeiangalia skuli moja ya hapa karibu na nimezungumza na mwalimu mkuu. Kama uhamisho wa mume wangu utachelewa, mtoto atabaki Wete na baba yake, na mimi nitaendelea kuvuka kwa likizo, kwa kuwa tumekubaliana asikae peke yake katika nyumba ambayo mama yake yuko zamu.

Iliyobaki nyengine ni kubwa zaidi. Ukurasa wa rufaa umefanya kazi kwa karatasi, lakini sipapu na mipaka ya oksijeni hazifundishiki kwa simu. Zinataka mtu asimame mbele ya kitanda na asikie mapovu. Muuguzi kiongozi amekubali kwamba wauguzi wawili wa Wete waje kukaa nasi wodini kwa mafunzo, endapo viongozi wa pande zote mbili watatoa kibali, na barua ya kuomba kibali hicho tumeiandika pamoja wiki hii. Nimeanza pia kuulizia chumba cha kuwaweka, kilicho karibu na hospitali na kinacholalika mchana, kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo yao itakuwa ya usiku.